Nani Alikuwa na Ufunguo? Tahakiki ya Namna Misiba ya Mabwenini Inavyokumbukwa

Katika makala haya twakusudia kuichunguza lugha itumikayo katika ibada na hotuba za kuwakumbuka wanafunzi waliokufa kwa moto mabwenini. Chanzo cha kila moto ni kazi ya tume za uchunguzi. Sisi twayapima maneno yanayosemwa baada ya moto kuzimika. Hoja yetu ni kwamba kumbukumbu isiyougusa uongozi ulioshindwa huwaheshimu wafu kwa midomo, huku ikiyaacha mabweni kama yalivyokuwa.

Tuanze na matukio yenyewe. Mwezi Juni 1994 moto uliteketeza bweni la wasichana katika Shule ya Sekondari Shauritanga, wilayani Rombo, na zaidi ya wasichana 40 wakapoteza maisha. Mwezi Machi 1998 wasichana 26 walikufa kwa moto katika shule ya Bombolulu, pwani ya Kenya. Miaka mitatu baadaye, Machi 2001, ikawa zamu ya Kyanguli, Machakos, ambako walikufa wavulana 67. Bweni la Kyanguli lilikuwa na milango miwili, mmoja ukiwa umefungwa, na madirisha yake yalikuwa na nondo. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ya Kenya ilitoa mwongozo wa usalama: milango ya bweni ifunguke kwa nje, isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani, madirisha yasiwe na nondo, vitanda visisongamane. Tangu hapo hakuna awezaye kusema kwamba maarifa yalikosekana. Hata hivyo, Septemba 2024 wavulana 21 walikufa katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, katika bweni lililokuwa na watoto zaidi ya 150.

Baada ya kila msiba huja bendera nusu mlingoti, salamu za rambirambi, na ibada. Katika hotuba hizo twayasikia maneno yaleyale, nayo yastahili kupimwa.

Neno la kwanza ni “ajali”. Kwa asili yake ya Kiarabu neno hili ladokeza muda wa kuishi uliokwisha kuwekwa, na methali yetu yaongeza kwamba ajali haina kinga. Lakini je, mlango uliofungwa hauna kinga? Kinga yake ni mtu kuufungua. Tabia hii ya kuita uzembe ajali haiko shuleni peke yake. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, ikiwa imepakia abiria wengi kupita kiwango chake, na mamia ya watu wakafa. Kila mwaka marehemu hao hukumbukwa. Tarehe 20 Septemba 2018, katika ziwa lilelile, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kivuko hicho kilijengwa kwa ajili ya abiria 101. Waliokufa walikuwa 228. Basi kwa muda wa miaka 22 tulikuwa na siku ya kumbukumbu, na bado gatini hapakuwa na mtu aliyehesabu abiria na kusema, “Inatosha.” Hapo kumbukumbu ilitimiza nini?

Neno la pili ni “mapenzi ya Mungu”, ambalo wahubiri wengi hulitilia nguvu kwa maneno ya Ayubu. Hatukatai kwamba maisha yetu yamo mikononi mwa Mungu. Mfiwa asiye na tumaini hilo amebaki na nini? Lakini Ayubu alisema vile akiwa yeye mwenyewe ndiye aliyefiwa. Maneno yale yakitoka kinywani mwa aliyekuwa na wajibu wa kuwalinda marehemu, hugeuka kuwa utetezi wa mshtakiwa. Torati haikuwafundisha Israeli hivyo. Katika Kum. 22:8 mwenye nyumba aamriwa kujenga ukingo juu ya dari yake, asije akailetea nyumba yake damu iwapo mtu ataanguka. Sheria ile haiulizi siku ya marehemu ilikuwa imefika au la. Yauliza kama ukingo ulijengwa. Tena katika Kum. 21:1-9, maiti akiokotwa kondeni na muuaji hajulikani, wazee hutoka kupima umbali mpaka mji ulio karibu, na wazee wa mji huo husimama mbele za Mungu kuhusu damu ile. Damu ikimwagika, uongozi waitwa kujieleza, hata pale ambapo mkosaji hajaonekana. Naye Martin Luther, akiifafanua Amri ya Tano katika Katekisimo Kubwa, afundisha kwamba amri ile huvunjwa pia na mtu aliyeweza kumkinga jirani yake na madhara, asimkinge.

Neno la tatu ni “utovu wa nidhamu”. Ni kweli kwamba baadhi ya mioto hii iliwashwa na wanafunzi, na kosa hilo ni zito mno. Lakini aliyewasha kiberiti hakutia nondo dirishani. Ni maswali mawili, na jibu la moja halifuti la pili. Tena yafaa tuulize mlango hufungwa kwa nini. Wakuu wa shule hujibu kwamba waogopa wezi na utoro wa usiku, na hofu hizo si za kubuni. Hata hivyo mlinzi aliye macho, au matroni alalaye karibu na bweni, angetosha kwa hofu hizo. Mahali ambapo kufuli limechukua nafasi ya watu hao, pana uongozi uliochagua kilicho rahisi. Na mara nyingi uongozi huohuo haukuwa na baraza la kuwasikiliza wanafunzi kuhusu chakula, ada au mitihani, mpaka manung’uniko yao yakawa njama.

Wapo watakaotupinga wakisema kwamba mfiwa ahitaji faraja, wala si hesabu ya makosa. Twakubali kwamba siku ya maziko ni siku ya kulia pamoja na waliao, na mchungaji mwenye busara hatageuza kaburi kuwa mahakama. Lakini kumbukumbu ya mwaka wa pili, wa kumi, wa ishirini, ni jambo jingine. Mzazi aliyemzika mtoto wake hufarijika akijua kwamba kufa kwake kumefungua milango ya mabweni mengine. Wengine watasema kwamba kuhukumu ni kazi ya mahakama. Naam, hatia ya mtu mmoja mmoja na ipimwe huko. Lakini mahakama hufunga jalada, ilhali Kanisa hukusanyika tena kila mwaka. Mawe kumi na mawili ya Yoshua (Yos. 4) yaliwekwa ili watoto waulize maana yake, nao wazazi wawe na la kuwajibu. Mnara wenye majina ya marehemu peke yake, usiosema walikufaje, hauwezi kumjibu mtoto.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba katika ibada za namna hii, baada ya kusomwa majina, yasomwe pia kwa ufupi mambo yaliyotokea: mlango upi ulikuwa umefungwa, bweni lilikuwa na watu wangapi, na tangu siku ile ni nini kimebadilishwa. Ikiwa hakuna kilichobadilishwa, na lisemwe hilo mbele ya mkuu wa shule, bodi na mgeni rasmi.

Nasi wachungaji tusingoje mwaliko wa ibada hizo. Dayosisi zetu zina shule za bweni, na wengi wetu twaingia humo kufundisha dini na kuongoza sala, kisha twaondoka kabla ya saa ya kulala. Yatupasa siku moja tubaki mpaka taa zizimwe, tuyazunguke mabweni, tujaribu kila mlango kwa mikono yetu, na kumwuliza mwalimu wa zamu ufunguo uko kwa nani, naye huyo analala wapi.