Susu na Jani la Mkonge

Kola, kwenye njia ya Machakos kwenda Wote, sikuona shamba la mkonge. Mkonge umesimama mipakani na kwenye kingo za matuta, unazuia udongo na mbuzi. Susu mmoja, yaani bibi kwa Kikamba, alikata jani, akalichana vipande vyembamba, akakibana kimoja kati ya ubao na bapa la panga, akavuta. Ute wa kijani ukamchuruzika hadi viwikoni. Mkononi zikabaki nyuzi nyeupe, ndefu kama jani lenyewe.

"Usijiguse uso," akasema. Nilikuwa nimeshajigusa. Niliwashwa hadi jioni.

Shuleni nilikariri tishu za mimea kama mtu anayekariri mababu wa ukoo usio wake. Uani kwa susu ndipo nilipokutana nazo. Gamba lenye nta, lisiloruhusu maji kutoroka, ni epidemisi. Ule ute ni parenkaima: seli hai zenye kuta nyembamba, akiba ya maji ya kupitishia kiangazi cha Ukambani. Ndiyo sehemu kubwa ya jani, na ndiyo inayomwagwa. Uzi ni sklerenkaima, seli ndefu ambazo kuta zake hunenepa na kukazwa kwa lignini hadi seli yenyewe inakufa. Inakufa jani likiwa bichi, na kazi yake ya kulishikilia jani inaendelea vilevile. Katika kilo 100 za majani, uzi ni kama kilo 4 tu.

Mkonge wenyewe ni mgeni kutoka Meksiko. Richard Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893, wakati wa Wajerumani. Kati ya miche 1,000 ilipona 62. Kabla mkonge haujafika Ukambani, wanawake wa Kikamba walisuka kyondo, yaani kikapu, kwa nyuzi za ganda la ndani la mbuyu, zinazokaa pamoja na floemu, njia ya chakula cha mti. Mmea tofauti, lakini tishu ileile, sklerenkaima: vidole vilikwenda palepale penye nguvu, bila hadubini.

Susu akasokota nyuzi mbili pajani, mara moja kwenda, mara moja kurudi. Nikatafuta kiungo, sikukiona. Nilipojaribu, uzi wangu ukafumuka kabla sijauinua. Alicheka, akautia mate kidogo, akausokota upya, kisha akauingiza kwenye kitako cha kyondo alichokianza juzi.