Busha Rufiji: Lilivyopimwa na Linavyotibiwa

Busha ni maji yanayojikusanya ndani ya ganda jembamba linaloizunguka korodani. Katika pwani ya Tanzania, ikiwemo Rufiji na vijiji vya delta vilivyo Kibiti, chanzo chake kikubwa ni mnyoo Wuchereria bancrofti, yuleyule aletaye matende. Mbu ndiye humhamisha kutoka mtu hadi mtu. Minyoo waliokomaa hukaa miaka kadhaa ndani ya mishipa ya limfu, na kwa wanaume hupendelea ile iliyo jirani na korodani. Mishipa hiyo hutanuka, hupoteza nguvu ya kusukuma, na maji hukosa pa kupita. Madafu, yanayolaumiwa sana kwenye vijiji vya minazi, hayahusiki hata kidogo.

Zamani kumpata mnyoo huyu kulikuwa kazi ya usiku. Vijiminyoo wake hujitokeza kwenye damu ya juujuu kati ya saa nne na saa nane usiku, wakati mbu wanauma. Mpimaji alilazimika kuwatoboa watu vidole wakati wa kulala. Katika delta, ambako safari kati ya vijiji hupita mitoni katikati ya mikoko na kusubiri maji kujaa na kupwa, sharti hilo peke yake lilitosha kuwaacha wengi bila kupimwa. Kipimo cha kadi, kinachonasa protini za mnyoo aliyekomaa, kiliondoa kikwazo hicho: tone la damu ya mchana linatosha. Hata hivyo, wanaume wengi wenye busha la siku nyingi hawaonyeshi kitu kwenye kadi, kwa kuwa minyoo wamekwisha kufa na madhara yao yamebaki.

Ugawaji wa dawa kwa jamii nzima ulianzia Mafia, kisiwa kinachotazamana na delta, mwaka 2000. Ivamektini na albendazoli humezwa pamoja mara moja kwa mwaka. Rufiji ilipopimwa upya baada ya duru 12, maambukizi yalikuwa yamepungua sana. Lakini dawa hizo huua vijiminyoo. Minyoo wakubwa wengi hunusurika, na maji ya busha hayapungui. Mwanamume anayezimeza kila mwaka huwakinga jirani zake. Busha lake linahitaji tiba nyingine, na hilo anastahili kuambiwa waziwazi.

Njia ya kuwaua minyoo wakubwa ilionekana Tanzania hapahapa, katika kijiji cha Kimang'a, Pangani. Mnyoo huyu hutegemea bakteria waitwao Wolbachia wanaoishi mwilini mwake. Watafiti waliwapa watu doksisaiklini miligramu 200 kwa siku kwa wiki nane, kisha wakawachunguza wanaume kwa altrasaundi, ambayo huonyesha minyoo hai wakijinyonganyonga ndani ya mishipa. Kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005, baada ya miezi 14 minyoo walionekana kwa wanaume 6 tu kati ya 27 waliopewa dawa, na kwa 24 kati ya 27 waliopewa dawa bandia. Ugumu ni kuimeza kila siku kwa wiki nyingi, tena wajawazito na watoto wadogo hawapewi.

Busha lenyewe huondolewa kwa upasuaji. Kwanza daktari huhakikisha si ngiri ya utumbo: busha huishia kwenye mfuko wa korodani, ngiri hupanda hadi kinenani na huvimba mgonjwa akikohoa. Tochi ikiwekwa nyuma ya uvimbe wa maji, mwanga hupenya. Ganda likiwa nene, au maji yakichanganyika na damu, haupenyi. Hapo altrasaundi ni ya lazima, maana saratani ya korodani inaweza kujificha ndani ya uvimbe huohuo. Kufyonza maji kwa sindano si tiba. Maji hurudi, na sindano huweza kuleta usaha.

Baadhi ya madaktari hulipasua ganda na kuligeuza nje-ndani. Kwa busha la minyoo inapendekezwa kulikata ganda karibu lote, ukiachwa ukingo mwembamba kando ya korodani, kwa sababu ganda linalobaki linaweza kuzalisha maji tena. Kila mshipa unaovuja hufungwa kwa subira kabla ya kushona: damu inayoganda ndani ya mfuko ni miongoni mwa matatizo ya kawaida baada ya upasuaji. Mfuko hufungwa kwa kitambaa cha kuubeba, na jeraha hukaguliwa siku za mwanzo, kwa hiyo mkazi wa visiwa vya delta hana budi kupata pa kulala karibu na hospitali. Ngozi ya mfuko ikiwa imekwisha kuwa nene kama ya matende, upasuaji huu hautoshi. Mgonjwa hupewa rufaa kwenda hospitali kubwa ili ngozi hiyo iondolewe na mfuko utengenezwe upya.