Shangazi, Naomi na Ndovu wa Tsavo

Shamba Shape Up ilipoanza kwenye Citizen TV mwaka wa 2012, wazo lake lilikuwa rahisi: chukua vipindi vya kukarabati nyumba, uvipeleke shambani. Naomi Kamau na Tonny Njuguna wanabisha hodi kwa mkulima, wanauliza maswali, wanamleta mtaalamu. Kabla kipindi hakijaisha, banda la kuku limesimama na mwenye shamba anacheka.

Shangazi yangu wa Voi ni muumini. Ukimpigia wakati huo, utaambiwa ungoje matangazo. "Naomi amesema" kwake ni kama wengine wanavyosema "daktari amesema". Binamu zangu wanamcheka, ati TV imemroga. Mimi naona wanaangalia kipindi kingine kabisa. Naomi anachuchumaa, anashika udongo, anamuuliza mama wa nyumba na si bwana peke yake. Kwa mtu aliyemsubiri afisa wa kilimo mpaka akachoka, kuona mkulima akisemeshwa kwa heshima na mtu maarufu si jambo dogo.

Shida iko kwenye umbo lenyewe. Hadithi ya "kabla na baada" inataka mwisho mzuri, na haraka. Voi haina haraka hiyo. Huku watu hutegemea zaidi mvua za vuli, na nazo zikikosa, mkopo wa chama haukosi kudaiwa. Halafu kuna majirani: mbuga za Tsavo zimechukua zaidi ya nusu ya kaunti. Mahindi yakianza kukomaa, ndovu wanakuja usiku, saa ambayo kamera zimeshalala.

Teremka Sagalla uone elimu ya aina nyingine. Mradi wa Lucy King na Save the Elephants umezungushia mashamba mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya. Ndovu akisukuma waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, mzee anageuza njia. Safi sana kwa TV. Lakini kiangazi kikizidi, nyuki nao huhama, na mzinga mtupu haumtishi mtu. Jambo hilo hulijui kwa nusu saa. Unalijua kwa misimu.

Ndiyo maana naliheshimu daftari la Shangazi. Ukurasa wa kushoto anaandika walichosema. Wa kulia anaandika kilichotokea kwake. Kushoto: "ng'ombe wa maziwa, maji mengi." Kulia: "maji ya nani?" Kushoto: "mbegu ya muda mfupi." Kulia: "hii ndiyo. Tulivuna kabla ya ndovu."

Huo ukurasa wa kulia ndio uhakiki, na hauwezi kuandikwa na asiyependa kipindi. Wanaocheka hawajaandika chochote. Mimi ningetaka kuona kipindi kinachoanzia hapo: misimu miwili baadaye, banda la kuku bado limesimama au limekuwa kuni, na Naomi amechuchumaa tena, akisikiliza jibu.