Pongezi kwa Wakunga Wanaofundisha Kupumua

Mwaka 1933, daktari Mwingereza Grantly Dick-Read aliandika kwamba hofu hukaza misuli, na misuli ikikaza uchungu wa uzazi huzidi. Wakunga wetu hukutana na jambo hilo kila usiku. Katika wodi nyingi za wazazi, sindano ya ganzi ya mgongoni ni ya wachache; kilichopo ni mkono unaosugua kiuno na sauti tulivu: "Vuta pumzi kwa pua, mama. Itoe polepole kwa mdomo. Legeza mabega." Uchungu hauishi, ila mzazi hupata pa kujishikilia. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mbinu hii ya kupumua na kulegeza mwili mwaka 2018. Nawapongeza kwa moyo wote, hasa wanaoifanya huku vitanda vingine vikiwaita.