Maleba tunayafafanua mtihanini, mwilini hayafiki

MWULIZE mwanafunzi yeyote wa sekondari maana ya maleba, naye atakujibu kabla hujameza mate: ni mavazi maalumu anayoyavaa fanani anapowasilisha sanaa yake mbele ya hadhira. Atakutajia na umuhimu wake, hoja tano au sita, kwa mpangilio ule ule aliopewa na mwalimu wake: huvuta nadhari ya hadhira, hudhihirisha uhusika, huibua mandhari, huhifadhi utamaduni. Sasa mwulize swali la pili, dogo tu. Wewe mwenyewe umewahi kuvaa maleba? Hapo utamwona anacheka.

Swali hili limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa sasa, na walionitia ndani yake ni familia ya dada yangu. Shemeji yangu ni fundi wa magari, dada ni mwalimu wa chekechea. Nyumba yao haina maktaba ya kujivunia. Vitabu vimepangwa kwenye kabati la vyombo, chini ya sahani za wageni, vingi vikiwa vya mitumba, vimenunuliwa kando ya barabara vikiwa na majina ya wenyewe wa zamani kwenye jalada. Lakini jioni ya Jumamosi moja kila mwezi, kila mtu katika nyumba ile, wazazi wakiwemo, huja mezani akiwa amevaa kama mhusika wa kitabu alichokisoma au alichosomewa. Hasemi yeye ni nani. Wenziwe wabahatishe. Akishajulikana, ubishi unaanza: mbona umevaa hivi na si vile? Na ubishi huo hukatwa na kitu kimoja tu, kitabu chenyewe kikifunguliwa pale pale mezani.

Jirani yao mmoja aliniambia hiyo ni “michezo ya kizungu”. Nitarudi kwake.

Mara ya mwisho nilipowatembelea, mpwa wangu wa darasa la nne aliingia amejifunga gunia, ana mkia wa kamba ya katani na uso umepakwa masizi. Hilo lilitarajiwa, dada alikuwa akiwasomea Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, na wanaoijua hadithi hiyo watakumbuka kwamba nduguze Adili, Hasidi na Mwivu, hugeuzwa manyani kwa ubaya waliomfanyia ndugu yao, na Adili akalazimika kuwachapa kila usiku. Kisichotarajiwa ni kwamba nyani wetu alikuwa na tai ya baba yake shingoni, imepigwa pasi vizuri.

“Wee, nyani gani anavaa tai?” kaka yake akamrukia.

“Huyu si nyani. Ni Mwivu. Ngozi tu ndiyo ya nyani, lakini ndani bado anajua alikuwa mtu. Si ndiyo maana akichapwa inauma?”

Kaka akamjibu kwamba Shaaban Robert hakuandika tai popote, na kama ni alama ya utu basi angevaa kilemba. Hoja nzuri pia. Waliendelea hivyo mpaka chai ikapoa. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nikijiuliza ni mara ngapi nimesahihisha insha kuhusu kitabu hicho, zote zikisema Mwivu ni “mwenye wivu, katili na msaliti”, pasipo hata moja kugusa alichokigusa mtoto huyu kwa kipande cha kitambaa: kwamba adhabu ya nyani huyu ni kumbukumbu yake. Huo ni uhakiki, jamani. Hauna tanbihi wala istilahi, lakini una dai, una ushahidi na una mpinzani.

Waigizaji wetu wana usemi mzuri: kuvaa uhusika. Mhusika unamwingia mikono kwanza, kisha kichwa, na ukishamvaa unagundua panapobana na panapopwaya. Msomaji anayemjua mhusika kwa orodha ya sifa peke yake hajamvaa. Amemwona akiwa ameangikwa kwenye kamba.

Sasa jirani na uzungu wake. Ni kweli kwamba desturi ya watoto kwenda shule wakiwa wamevaa kama wahusika wa vitabu imeshika sana Uingereza. UNESCO ilitenga tarehe 23 Aprili kuwa Siku ya Vitabu na Hakimiliki Duniani mnamo 1995. Waingereza wakaanza yao 1998, na baadaye wakaihamishia mwezi Machi ili isigongane na likizo za shule. Watoto hupewa vocha ya pauni moja ya kununulia kitabu, au kuchukua kimojawapo cha vitabu vilivyochapishwa kwa ajili ya siku hiyo. Wazo lenyewe halina ubaya. Lakini huko huko kwao maduka makubwa yaliinusa biashara, yakaanza kuuza mavazi tayari, na wazazi wakaanza kunung’unika kwamba siku ya kusoma imegeuka siku ya kununua.

Sisi, kama ada yetu, tuliiga kwa kuanzia pale wenzetu walipoharibikia. Katika baadhi ya shule za kibinafsi jijini, barua hutumwa nyumbani kwamba Ijumaa mtoto aje amevaa kama mhusika ampendaye. Mzazi, ambaye tayari amechoshwa na miradi ya mtaala wa umilisi, anakimbia dukani, na Ijumaa uwanja unajaa kina Spider-Man na kina Elsa. Elsa ametoka katika filamu, si katika kitabu ambacho mtoto yule amekisoma. Hapo hakuna aliyemvaa mhusika. Pesa ndizo zilizomvalisha mtoto, na yule ambaye mzazi wake hakuwa nazo amekaa darasani na sare yake ya shule akijifanya anaumwa na tumbo.

Kwa hiyo jirani ana haki kidogo. Ila kujigeuza kwa vazi hatukufundishwa na mtu. Mtambaji wetu alijitanda ngozi, akajipaka chokaa, akawa fisi. Ndiyo hayo maleba ninayoyasema. Tuliyokuwa nayo uwanjani tumeyahamishia daftarini.

Kuna jambo lingine linaloniuma zaidi. Tangu 2022 tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kila tarehe 7 Julai, baada ya UNESCO kuitangaza mwaka uliotangulia. Shuleni siku hiyo inapendeza. Wasichana wamejifunga leso, wavulana wana kanzu na kofia, kuna shairi, kuna ngonjera, kuna mahamri. Lakini hebu tutazame wamevaa kama nani. Jibu ni kwamba hawajavaa kama mtu yeyote; wamevaa kama “Mswahili”. Linganisha na ile Ijumaa ya wahusika. Siku ya vitabu vya Kiingereza mtoto anakuwa mtu mmoja mwenye jina, mwenye makosa yake na safari yake. Siku ya Kiswahili anakuwa kielelezo cha kabila, kama sanamu ya makumbusho. Tunamfundisha, bila kutamka neno, kwamba Kiingereza kina watu na Kiswahili kina mila. Leso na kanzu nazipenda, na huko pwani watu wanazivaa kwenda sokoni na msikitini bila kusherehekea chochote. Ninalolikataa ni kwamba Kongowea Mswahili wa Siku Njema hajawahi kualikwa kwenye sherehe ya lugha yake mwenyewe. Wala mamake, Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu wa Tanga. Hivi mwimbaji wa taarabu hana maleba?

Lawama si za walimu peke yao. Waandishi wetu nao wana deni. Fasihi ya Kiswahili imezoea mno majina ya kitashtiti na ya kimajazi: Hasidi, Mwivu, Majivuno wa Kusadikika, Mtemi Nasaba Bora na Mwalimu Majisifu wa Kidagaa Kimemwozea, Majoka wa Kigogo. Jina limeshasema kila kitu. Mhusika anapewa jina badala ya shati. Mara nyingi mno nimefunga riwaya, hasa hizi za kuandikiwa shule, nikiwa najua msimamo wa mhusika kuhusu ufisadi na sijui kama anavaa viatu. Mtoto anayetaka kumvaa mtu kama huyo aanzie wapi? Atavaa ufisadi?

Sisemi kila mwandishi atuorodheshee vifungo. Fumo Liyongo hatumkumbuki kwa nguo. Tunamkumbuka kwa mkao: amechomwa sindano ya shaba kitovuni, amepiga goti kisimani na upinde wake, amekufa, na watu bado wanaogopa kusogea kuteka maji. Mpe mtoto wa miaka saba fimbo na kamba, atakuwa Liyongo kwa dakika mbili. Kadhalika katika Kigogo, Pauline Kea amempa Sudi kazi ya kuchonga vinyago, na Tunu akampa magongo baada ya kushambuliwa. Hizo ni zawadi kwa msomaji. Atakayemvaa Tunu lazima aamue ni Tunu yupi, wa kabla ya magongo au wa baadaye, na akishaamua, tayari amesema jambo kuhusu tamthilia nzima. Ndiyo maana vikundi vya maigizo vinavyozunguka shuleni na vitabu teule vinasaidia kuliko miongozo yote inayouzwa mitaani. Tatizo ni kwamba wanafunzi wanaketi tu. Wamelipa, wanatazama, wanaandika. Mhusika amevaliwa na mtu mwingine kwa niaba yao.

Vazi pia ni tafsiri, na historia ya lugha yetu ina mfano mtamu wa hilo. Hadithi ya Lewis Carroll kuhusu Alice ilipotokea kwa Kiswahili mnamo 1940 kwa jina Elisi katika Nchi ya Ajabu, mfasiri hakuishia kwenye maneno. Michoro nayo ilibadilishwa, na Elisi akawa mtoto wa Kiafrika. Ida Hadjivayanis aliifasiri upya, ikachapishwa 2015 kama Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Mtu anaweza kuuliza kama lile la 1940 lilikuwa heshima au ujanja wa kikoloni wa kumfanya msomaji asihisi ugeni. Mimi naona lilikuwa na yote mawili. Lakini linathibitisha kwamba msichana wa Dar es Salaam au wa Mombasa hahitaji wigi la manjano ili awe Alisi. Dada yangu, kwa bahati, hakuhitaji kuambiwa haya. Binti yake mkubwa alipokuwa Alisi alivaa sare yake ya shule, akabeba ufunguo mkubwa wa gereji ya baba yake. Tulimtambua papo hapo.

Gharama ya jioni ile ya nyani, nimeihesabu, ilikuwa sufuri. Gunia la viazi, kamba, masizi ya sufuria, tai ambayo shemeji huivaa harusini tu. Kwa hiyo shule isiniambie haina bajeti.

Nina ombi moja kwa wanaotunga mitihani ya fasihi, maana huku kwetu kisichotahiniwa hakifundishwi. Lile swali la “Eleza umuhimu wa maleba” tulipe likizo. Badala yake waandike hivi: Chagua mhusika mmoja na onyesho moja. Mvike maleba, kisha utetee kila kipande ulichomvika kwa kurejelea matini. Alama 10. Msahihishaji hatakuwa na mwongozo wa kunakili majibu, na atalazimika kukifungua kitabu tena ili aone kama ile tai inakubalika.