Diski kubwa ndani ya mashini ya zamani: tuache kusingizia virusi

Wandugu, kila mara mtu akipoteza TFC ao memwari yake, tunasikia maneno mawili tu: "virusi" ao "diski ilikuwa mbaya". Mimi siamini sana. Mara nyingine diski iko nzima kabisa. Ni sisi tuliiweka ndani ya mashini isiyojua kuhesabu mpaka pale.

Fikiria mtunza depo ya mchele kule Luvungi, daftari yake ina nafasi ya tarakimu 3 tu. Mufuko wa 999 anauandika vizuri. Wa 1000 anauandika 000, na mchukuzi anaenda kuutupa juu ya mufuko wa kwanza kabisa. Njo hivyo mashini nyingi za mbele ya 2002 zinafanya. Namba ya kila fasi ya diski inaandikwa kwa biti 28, na kila fasi inabeba baiti 512: jumla gigabaiti 137. Windows XP ya kwanza, ile ya 2001, nayo ilikuwa na mpaka uleule. Ukiweka diski ya 250 na ukapita hapo, maandishi mapya yanaweza kurudi mwanzo wa diski, pale penye orodha ya mafaili yote. Hakuna kengele inalia. Asubuhi unawasha, diski tupu.

Ndiyo maana ile desturi ya fundi kuwasha mashini mbele ya mteja na kusema "unaona, inaikubali" siipendi hata kidogo. Inaikubali leo ikiwa haina kitu! Weka diski ya terabaiti 3 kwenye XP ya biti 32, utaona 746 GB. Hesabu yake inafika terabaiti 2.2, kiisha inaanza upya. Mteja anapiga kelele kwamba ameibiwa, na hakuna aliyemwiba.

Lakini wanaosema tutupe mashini za zamani, nao siko nao. Core 2 Duo yenye Windows 7 inaweza kuwaka kwa diski ndogo, na ile kubwa ikaandaliwa kwa GPT, ibaki ya kuweka data tu. Linux nayo inasoma GPT bila shida.

Kwetu watu wa agronomia shida iko zaidi kwenye tamaa. Vipimo vya mvua na vya mihogo vya uwanda wa Ruzizi havipatikani fasi ingine, na mtu anavirundika vyote kwenye diski moja chini ya meza. Usiku wa 16 kuamkia 17 Aprili 2020 Mulongwe iliingia manyumbani. Ingeuliza diski ni ya terabaiti ngapi? Mbili za 500, moja kwako, moja kwa dada yako Bukavu, zinanitosha.

Na kama umekwisha kununua kubwa, ijaze kwanza mafaili ya bure kupita 137, kiisha fungua yale ya kwanza uliyoweka. Yakikataa, umejua mbele ya kuweka memwari yako mule.