Namna Hali ya Tatu ya Kwatzi Ilivyonaswa

Kwa karibu karne nzima kwatzi ilihesabiwa kuwa na hali mbili tu, zinazobadilishana kwenye joto la nyuzi 573 za Selsiasi. Mfaransa Henry Le Chatelier ndiye aliyeligundua badiliko hilo mwaka 1889, alipopima jinsi madini hayo yanavyotanuka yakipashwa moto. Chini ya 573 ni alfa, juu yake ni beta. Kumbe katikati palikuwa na hali nyingine, nyembamba mno: upana wake haufiki nyuzi 2.

Tuanze na kinachobadilika. Ndani ya kwatzi kila atomu ya silikoni imezungukwa na oksijeni nne zinazounda kipiramidi, na vipiramidi hivyo vimeshikana pembe kwa pembe. Katika beta vimekaa, kwa wastani, katika ulinganifu wa pande sita. Fuwele ikipoa na kuingia alfa, kila kipiramidi hujizungusha kidogo, na kwenye joto la kawaida mzunguko huo unafika kama digrii 16. Ulinganifu unabaki wa pande tatu. Vinaweza kuzungukia upande huu au ule wa pili bila tofauti yoyote ya nishati, ndiyo maana fuwele moja ya alfa mara nyingi ina maeneo pacha, maarufu kama pacha wa Dauphiné.

Dalili ya kwanza ya hali ya katikati ilikuwa ukungu. Mwaka 1956 Yakovlev na wenzake huko Urusi waliona kwamba fuwele safi, ikifikishwa karibu na 573, hutawanya mwanga maelfu ya mara zaidi kuliko kawaida. Walidhani ni mtikisiko wa atomu zinazosita kati ya hali mbili. Shapiro na Cummins, mwaka 1968, waliupima mwanga huo upya wakakuta hautikisiki: kilichoutawanya kilikuwa kimetulia mahali pake. Hapo nadharia ya mtikisiko ilipoteza mguu, lakini hakuna aliyekuwa na nyingine ya kuweka badala yake.

Mwaka 1976 Van Tendeloo, Van Landuyt na Amelinckx, wa Antwerp nchini Ubelgiji, waliweka kipande chembamba cha kwatzi chini ya hadubini ya elektroni. Joto halikuwa sawa kote katika kipande kile, kwa hiyo waliweza kuona alfa na beta kwa mkupuo mmoja. Kati yao palijaa pembetatu zilizopangika, pacha wa Dauphiné wakipokezana. Kila walipotazama upande wenye joto zaidi, pembetatu zilizidi kuwa ndogo. Picha hizo zilistahili kuutikisa uwanja wote, ila wengi walizichukulia kama fujo ya mpakani.

Maelezo yalitoka kwa Aslanyan na Levanyuk mwaka 1979. Walionyesha kwamba mzunguko wa vipiramidi ukiongezeka au kupungua kutoka sehemu moja hadi nyingine, fuwele hukunjamana kidogo, na mkunjamano huo unashusha nishati. Kwa hiyo kabla ya vipiramidi vyote kukubali upande mmoja, ni nafuu kwao kupanga mawimbi: hapa kulia, pale kushoto, tena kulia. Urefu wa wimbi hilo hauoani na hatua za kimiani cha atomu. Ni kama mkeka ambao nakshi yake inajirudia kwa kipimo kisichogawanyika sawasawa kwa upana wa ukili.

Baada ya nadharia, kazi ikawa ya tanuri. Hapa ndipo ninapowavulia kofia watu wa Grenoble, Ufaransa. Tofauti ya joto ndani ya sampuli ikifika nyuzi 2, hali yote ya katikati inafutika, maana alfa na beta zinakaa pamoja na kipimo kinatoa wastani wao. Mmoja wao, Bachheimer, alidhibiti joto kwa uangalifu mkubwa, na mwaka 1980 akaripoti kasoro ndogo juu kidogo ya badiliko lililojulikana. Mwaka 1983 Dolino, Bachheimer na Zeyen walipitisha nyutroni kwenye fuwele ya kwatzi. Kando ya nukta kuu za mtawanyiko zilijitokeza nukta hafifu katika pande sita, dalili ya mawimbi matatu yaliyopishana, na mawimbi matatu yakipishana hutoa zile zile pembetatu za Antwerp. Umbali wa nukta hizo ulionyesha wimbi la takriban nanomita 14, ambalo hurefuka fuwele inapopoa, mpaka alfa inapotwaa kila kitu kwa ghafla. Ukungu nao ni mkali zaidi pale alfa inapokutana na hali hii.

Kwa maoni yangu, kilicholeta ushindi ni usawa wa joto zaidi kuliko ukali wa vyombo. Vitabu vingi vya madini bado vinaandika hali mbili kwenye 573. Walimu wa jiolojia na fizikia, andikeni tatu.